Mashine Iliyopima Moyo wa Tusekile

Daktari alimpa Gwakisa kikombe cha chai iliyotoka kuchemka, akamwambia akishike kwa viganja vyote viwili. Kilikuwa kikombe cha bati. Gwakisa alikishika, akatabasamu kwa adabu, kama mgeni aliyekaribishwa sebuleni.

"Inaunguza?" daktari aliuliza.

"Inaunguza."

"Mbona huachii?"

Gwakisa alifikiri kidogo. "Sioni haraka."

"Umeona?" Daktari alimgeukia Tusekile, aliyekuwa amekaa ukingoni mwa kitanda na jezi yake ya Korongo wa Mbeya. "Maumivu anayasikia vizuri tu. Woga ndio haupo. Uzi mmoja nyuma ya sikio, mwembamba kuliko unywele, basi. Hiyo ndiyo Tulizo."

Lugano, mtakwimu wa timu, alikuwa mlangoni. Alivuka chumba, akakitoa kile kikombe mikononi mwa Gwakisa na kukibamiza mezani hadi chai ikamwagika kwenye karatasi za daktari.

"Kaka Gwakisa, kanawe maji ya baridi. Sasa hivi."

"Dada, haya ni maelekezo ya kitabibu," daktari alisema.

"Huku ni kumchoma mtu vidole."

Tusekile alikuwa akiitazama mikono yake mwenyewe, ile mikono iliyoifikisha Korongo fainali. Shingoni, juu kidogo ya mfupa wa bega, kidude cha Kipimamoyo kilikuwa kikiwaka taa yake ndogo ya njano. Namba yake ya ujasiri ilijulikana nchi nzima: thelathini na moja. Sheria ya Ligi ya besiboli ilisema mrushaji mwenye moyo ulio chini ya hamsini haruhusiwi kusimama kwenye kichuguu cha kurushia katika duru za mwisho. Leo walikuwa wamemruhusu kwa ahadi. Mpira wa mwisho ukitupwa na namba yake ikiwa bado iko chini, jioni hii hii atalala kwenye kitanda alichokalia, awekewe Tulizo. Au arudishe jezi.

"Na nikiwekewa, baadaye nikabadili mawazo?" aliuliza.

"Mpaka leo hakuna aliyetaka itolewe," daktari alijibu.

"Sikuuliza hivyo."

"Haitoki."

Nje, kwenye korido, Gwakisa alikuwa ameweka vidole chini ya bomba na kuyasikiliza maji. Kabla ya Tulizo alikuwa mrushaji mwenye mkono mkali kuliko wote Nyanda za Juu. Msimu uliopita mpira ulipigwa ukarudi moja kwa moja usoni kwake. Alisimama akautazama ukija. Kovu lilianzia kwenye nyusi na kupotelea kwenye nywele.

"Subilaga hajambo?" Lugano alimuuliza. Subilaga alikuwa binti wa Gwakisa, mtoto aliyeanza tu kutembea.

"Hajambo. Siku hizi yuko kwa bibi yake, kule Uyole. Mama yake hataki niachwe naye."

"Kwa nini?"

"Alipanda ukingo wa tangi la maji. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale kwenye kigoda. Nilimwona. Nilijua akiteleza atazama, Lugano, nilijua kabisa kama ninavyojua jina langu. Ila hakuna kilichoninyanyua." Alifunga bomba. "Mama yake ndiye aliyepiga kelele. Nampenda sana yule mtoto. Ukinipima utakuta nampenda."

Tusekile alikuwa amesimama nyuma yao. Alikuwa amesikia yote.

"Basi nisizae," alisema, akajaribu kucheka. Hakuna aliyecheka naye.

* * *

Ofisi ya Lugano ilikuwa chini ya majukwaa, chumba chenye baridi ya Juni na harufu ya saruji. Alikuwa ametoka chuo kikuu na shahada ya takwimu na imani kwamba namba ni kitu safi. Korongo walimwajiri awaeleze nani atupe lini. Hakuna aliyemwomba aichunguze Kipimamoyo yenyewe. Alianza kuichunguza kwa sababu ya vidole vya Gwakisa, maana havikuwa vimeungua leo tu.

Kila mtu alijua jinsi mashine ilivyofanya kazi, au alidhani anajua. Inasoma mapigo, jasho na mtetemeko wa mkono. Inasubiri wakati mzito, ule ambao mechi inaning'inia, kisha inaangalia mrushaji amefanya nini. Anayeshinda nyakati nzito moyo wake unapanda. Anayeshindwa unashuka. Mechi ya karibuni inahesabiwa kuliko zote, na fainali ina uzito wa nusu ya msimu.

Lakini nani anaiambia mashine kwamba wakati huu ni mzito?

Jibu lilikuwa limelala ndani ya mashine muda wote, na lilipomfunukia asubuhi ile alihisi damu ikimpanda masikioni. Waliounda Kipimamoyo walikuwa na haraka. Badala ya kukaa na kuandika ni hali gani za mchezo ndizo nzito, waliilisha matangazo ya redio ya miaka mitatu. Walifikiri wamefanya jambo la busara. Mbeya nzima huja uwanjani na redio sikioni. Mtu anautazama mchezo kwa macho yake mawili na bado hauamini mpaka Mzee Kastory Mwambungu autangaze. Wakaiambia mashine ijifunze kwa yule anayeujua mchezo kuliko wote. Sauti ya Mzee Kastory ikipanda, huo ni wakati mzito. Isipopanda, hakuna kilichotokea.

Lugano alivaa visikilizio, akamsikiliza mzee.

Ambakisye, mrushaji mwingine wa Korongo, anamtoa mpigaji: "Zegeeee! Zege la Mbeya! Limemwagwa, limekauka, hapiti mtu!" Kipaza sauti kinapasuka. Wakati mzito, mrushaji ameshinda.

Tusekile anamtoa mpigaji, mechi ikiwa imefungana, wakimbiaji wawili wakingoja kwenye vituo: "Ametoka." Kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya vifo.

Tusekile anapigwa, siku ambayo timu yake iko mbele kwa mbali: "Lahaulaaa! Mpira huooo, waulizeni Wamalawi kama umefika!"

Ndivyo ilivyokuwa kwa wote. Aliowapa majina ya utani, mzee aliwapigia kelele wakifanikiwa. Aliowasahau, sauti yake ilipanda walipoharibu tu. Mashine haikuwa imeuona hata ushindi mmoja wa Tusekile. Kwa miaka mitatu ilikuwa ikipima mapenzi ya mzee mmoja, na namba ikaitwa moyo.

Akafanya hesabu upya. Safari hii alichagua nyakati nzito kabla mpira haujatupwa: duru za mwisho, mabao yaliyokaribiana, wakimbiaji vituoni. Ligi nzima, misimu yote. Alitafuta wale wagumu, wanaofanya vizuri zaidi jahazi linapoyumba, akawafuata msimu uliofuata. Hawakuwapo. Aliyekuwa chuma mwaka huu alikuwa mtu wa kawaida mwaka ujao. Aliyevunjika alirudi mzima. Mrushaji mzuri alikuwa mzuri siku zote, mbovu alikuwa mbovu siku zote. Na mapigo? Kila mtu moyo ulimwenda mbio. Kila mmoja wao.

Alivua visikilizio akavitupa ukutani. Kisha akaenda kuviokota, kwa sababu vilikuwa vya ofisi, na hilo nalo likamkasirisha.

* * *

Mkurugenzi wa Ligi, Bi Salome Kyando, alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Nje, watu walikuwa wameanza kujaa.

"Umemwambia nani?"

"Wewe kwanza, mama. Ili Tusekile asiguswe leo."

"Ambakisye anaamini kwamba yeye ni zege. Akipanda pale anapanda na imani hiyo. Wewe unataka nimwambie kwamba ni kelele za redioni? Nani atasimama kesho?"

"Yeye mwenyewe. Ni mrushaji mzuri."

"Huelewi." Bi Kyando alisogea dirishani. Alikuwa mwanamke mrefu, na bega lake la kulia lilikuwa bado limeinama kidogo, kama la watu waliotupa ujanani. "Mimi nilisimama kwenye kichuguu kile. Fainali. Mpigaji mmoja tu amebaki. Mikono ikanitetemeka, nikapigwa, tukafungwa. Mpaka leo nikiingia sokoni kuna mtu ananitazama. Ningekuwa na Tulizo siku ile, maisha yangu yangekuwa mengine. Nataka hawa watoto wasipitie nilichopitia."

"Mama," Lugano alisema, na sauti yake ilikuwa laini kuliko alivyokusudia, "ulipigwa mpira mmoja."

"Nilivunjika!"

"Ulipigwa mpira mmoja. Nimeziona mechi zako zote. Hakuna kilichovunjika."

Kwa muda mfupi ilionekana kama lile neno limeingia mahali. Kisha Bi Kyando akachukua koti lake.

"Mwezi ujao tunaanza na watoto wa shule za vipaji, darasa la sita kwenda juu. Mikataba imesainiwa. Karatasi zako hizo zina mapigo ya moyo ya wachezaji wote. Ukizitoa nje utakuwa umevunja siri za wagonjwa, na nitakushtaki. Nenda katazame mechi, binti yangu."

Darasa la sita. Lugano alishuka ngazi akihesabu umri huo kichwani, na kila alipoufikia alimwona Subilaga kwenye ukingo wa tangi, na watoto wengine wakiwa wamekaa kwenye vigoda wakimtazama.

* * *

Kibanda cha matangazo kilikuwa juu kabisa. Mzee Kastory alikuwa na chupa ya chai, bakuli la karanga za kuchemsha na shali ya mke wake shingoni. Duru ya saba ilikuwa imeisha. Korongo walikuwa mbele kwa bao moja dhidi ya Reli ya Makambako.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ingia, funga mlango, baridi hii haina heshima. Karanga?"

Alimwambia haraka, wakati wa tangazo la sabuni. Mwanzoni mzee alicheka hadi akakohoa. Kisha akaacha kucheka. Akauliza taratibu:

"Yule kijana Gwakisa. Naye?"

"Naye hukuwahi kumpa jina."

Mzee aliliweka ganda la karanga mezani kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba lingevunjika. "Mimi ni mtangazaji. Nawachangamsha watu. Hakuna aliyenifuata akaniambia sauti yangu inapasua watoto vichwa."

"Hakuna aliyekuambia. Hilo ndilo linaloniua kwa hasira."

"Sasa Tusekile ndiye anapanda, si ndiyo? Basi nampa jina. Leo leo." Macho yalimng'aa, ile ilikuwa kazi aliyoijua. "Radi ya Rungwe! Eeh? Nitaipaza mpaka Tukuyu wasikie. Akimtoa mmoja tu, namba inaruka juu ya hamsini. Anapona."

Lugano alifungua mdomo aseme ndiyo.

Ilikuwa rahisi mno. Kelele mbili tatu, na jioni ile kitanda kingebaki kitupu. Rafiki yake angeendelea kuogopa giza, mbwa na sindano, kama mtu. Na mashine ingetoka kwenye fainali ikiwa imesifiwa tena: tazameni, imemwona hata yule binti alivyokomaa. Mwezi ujao ingepelekwa shuleni. Watoto wale wangekuwa wengi kuliko majina yote ambayo mzee mmoja anaweza kuyabuni.

"Ngoja," alisema. "Usiseme kitu bado. Kichwa ni cha kwake. Nikamuulize."

* * *

Tusekile alikuwa kwenye kibanda cha wachezaji, mikono ameifumbata kwapani. Lugano alimwambia akiwa amechuchumaa mbele yake, maneno yakigongana.

"Kwa hiyo," Tusekile alisema, "miaka yote hii najiita mwoga kwa sababu mzee hakuwa na jina langu?"

"Ndiyo."

"Naenda kanisani naomba nibadilishiwe moyo. Lugano! Nilifunga. Siku tatu nimefunga, nakunywa maji tu, eti Mungu aniondolee woga." Alipiga teke ndoo ya mipira, ikabiringika hadi uwanjani. "Washenzi. Washenzi wakubwa."

"Ndiyo."

"Lakini woga ninao kweli. Usije ukaniambia sina. Shika huu mkono."

Lugano aliushika. Ulikuwa ukitetemeka kama waya.

"Siwezi kukwambia ya wengine, ni siri yao," Lugano alisema. "Ila nakuapia, hakuna mwenye mkono tofauti na huu. Hakuna hata mmoja."

Mwamuzi alikuwa akipiga filimbi ya kuwaita wachezaji.

"Hilo jina alilobuni ni lipi?"

"Radi ya Rungwe."

"Mm." Alivuta kamasi, akacheka kidogo. "Zuri kweli. Mshenzi anajua kazi." Akasimama, akavaa glovu. "Mwambie alitunze. Mwambie leo anyamaze."

"Namba yako haitapanda."

"Kitanda chao nakijua kilipo. Hakuna wa kunibeba kunipeleka. Jezi wachukue. Lakini nataka watu wote hawa waone ile takataka ikitafuta moyo wangu na isiuone."

* * *

Duru ya tisa ilipoanza, redio zote uwanjani zilikuwa hewani na hakuna aliyesema kitu ndani yake.

Mwanzoni watu walidhani ni betri. Wakazigonga kiganjani, wakazungusha vifundo, wakaulizana. Kisha mmoja mmoja wakatazama juu kwenye kibanda na kumwona Mzee Kastory amesimama kwenye kioo, kofia mkononi, mdomo umefungwa. Sauti pekee iliyotoka redioni ilikuwa ya uwanja wenyewe: wao wenyewe, wakikohoa.

Tusekile alimtoa wa kwanza. Akamtoa wa pili. Ubao wa mwanga uliokuwa ukielea juu ya uwanja ulionyesha jina lake, na chini yake, mahali ambapo namba ya moyo hupanda na kushuka, pakaandikwa: HAKUNA WAKATI MZITO.

Wawili wa Makambako wakafika vituoni. Akabaki mpigaji mmoja. Akipigwa vizuri, wote wawili wanarudi nyumbani na kombe linaondoka. Uwanja mzima ulikuwa umesimama. Wanawake wameshika vichwa. Mdakaji wa Korongo alikuwa akimwomba Mungu kwa sauti bila kujijua. Juu yao, ubao uliendelea kuwaka: HAKUNA WAKATI MZITO.

Mtu mmoja kwenye majukwaa akaanza kucheka. Kicheko kikaenea, kisha kikageuka. "Hakuna wakati mzito?" mama mmoja alipaza sauti akiunyooshea ubao redio yake. "Mnatuchezea?"

Tusekile alitupa.

Ulikuwa mpira mzuri. Mpigaji naye alikuwa mzuri. Mlio ulisikika kabla ya kitu chochote kuonekana, na mpira ukarudi ulikotoka, umenyooka, kwenye kimo cha uso.

Tusekile alianguka chini kama gunia. Mpira ukapita mahali kilipokuwa kichwa chake, ukaenda kugonga ukuta wa mbali. Wakimbiaji wote wawili wakarudi nyumbani. Korongo wakafungwa.

Kelele za Makambako zilikuwa bado hazijaisha redio zilipokwaruza.

"Wasikilizaji," Mzee Kastory alisema. Hakupaza. "Mmeona wenyewe. Leo mashine yao haikuona kitu, kwa sababu mimi nilinyamaza. Haina macho. Ina masikio tu, na masikio yenyewe ni mdomo wangu mimi. Ndio walioutumia kuwapima watoto wenu. Ukikatika umeme hapa mjue si umeme." Na hapo hapo sauti ikakatika.

* * *

Bi Kyando aliwakuta Lugano na Tusekile kwenye korido ya zahanati. Nyuma yake, kutoka majukwaani, ilisikika ngurumo ya watu ambao hawakuwa wakienda nyumbani.

"Ameinama," alisema. "Mpira ulikuwa wa kudaka ule. Angesimama angeudaka. Angekuwa na Tulizo, angesimama!"

"Ndiyo," Lugano alisema. "Angesimama."

Bi Kyando alimtazama Tusekile, ule uso mzima wenye vumbi, macho yote mawili mahali pake. Mkono wake ukapanda wenyewe hadi kwenye bega lake lililoinama, ukabaki pale.

Tusekile alivua jezi, akabaki na fulana, akaitundika ile jezi kwenye kitasa cha mlango wa daktari.

Gwakisa alikuwa kwenye benchi la korido, vidole vimefungwa bandeji. Alikuwa ametazama mechi kwenye ubao mdogo wa ukutani. Alisogea ili Tusekile akae, na kwa muda alimwangalia paji la uso, mahali ambapo kwake yeye palikuwa na kovu.

"Ulijuaje kuinama?" alimuuliza.

"Sikujua, kaka. Niliogopa tu."

"Inakuwaje?" Aliinama karibu, kama mtu anayeulizia ladha ya chakula alichokula utotoni. "Nikumbushe. Inaanzia wapi?"

Tusekile alimshika mkono, bandeji na vyote, akauweka kifuani kwake, pale ambapo moyo bado ulikuwa ukipiga kwa nguvu.